Milima Hukutana

Omurbek alimcheka mpwa wake mezani,
mkate mkononi, masharubu yamelowa maziwa ya farasi:
"Begaim, miaka sita huko Bishkek wamekufunza hayo?
Milima haikutani, mwanangu. Wanaokutana ni watu."
Begaim akanyamaza, akamenya yai.

Alikuwa ameyaona usiku, ofisini,
bomba la joto likigongagonga ukutani:
bonde la kwao kwenye kioo cha kompyuta, limevuliwa nguo,
hakuna theluji, hakuna mierebi, wala mahema ya sufu,
namba tu, namba ubavuni mwa namba,
kila kipande cha ardhi na kimo chake.
Akaliwashia jua la uongo toka kaskazini-magharibi,
jua lisilochomoza huko tangu dunia iwe dunia,
na kivuli kikachora mstari.
Umenyooka mno.
Mto hauchori hivyo; mto huenda upogoupogo kama mlevi.

Akapasua bonde kwa mkato mmoja,
kama mtu apasuavyo mkate aone umeiva ndani.
Mto umeacha ngazi tatu kila uliposhuka.
Ngazi ya chini, changa, imekatika mita moja.
Ya kati, mita nne na kidogo.
Ya juu, kongwe, alikozikwa bibi Sairakul,
mita kumi na moja.
Akapiga hesabu mara mbili, na ya tatu kwa kalamu,
maana kalamu haina haraka.
Aliyeishi zaidi ameanguka zaidi:
hili si jeraha, ni desturi.

Milimita mbili kwa mwaka. Unene wa sarafu.
Kusini kunasukuma, kaskazini hakubanduki,
katikati mwamba umeng'ang'ana, hautoi kitu,
unaandikiwa tu: sarafu, sarafu, sarafu,
na dawa ya deni ni kulipa,
ila mlima hulipa kwa mkupuo mmoja,
usiku au mchana, haupigi hodi.

Sasa, zizi.
Omurbek amelijenga kwa mkopo wa benki:
matofali, bati la buluu, farasi kumi na tisa,
mgongo wake umeegemea ukingo ule ule.

Alipopewa karatasi aliigeuza, akaigeuza tena.
"Hiki si Kizingiti? Tangu utotoni tunajibanza nyuma yake.
Kinatukinga na upepo."
"Ndicho, mjomba. Nani alikijenga?"

Nje, mbwa alikuwa akijikuna.
Omurbek aliutazama ukingo, nyasi zake, mavi ya kondoo,
kijichemchemi kinachovuja mguuni pake hata kiangazi,
akautazama kama mtu anayegundua
kwamba ukuta alioegemea miaka yote
ni bega la mtu aliyelala.

"Deni langu litaisha baada ya miaka tisa," alisema.
"La huyu je?"
"Sijui. Pengine bado. Pengine limeshaiva."
"Sita huko Bishkek, na hujui."
"Najua mahali, mjomba. Saa siijui."

Akavaa kofia yake ya sufu nyeupe, akatoka.
Akahesabu hatua kutoka ukingoni: hamsini, sitini, themanini,
mpaka mahali ambapo upepo ulimkamata koti
na kulipandisha hadi mabegani.
Akapigilia kigingi kwa jiwe.

"Upepo tunafahamiana," alipaza sauti,
na sehemu iliyobaki ya maneno yake
upepo wenyewe uliichukua.