Kidole Gumba cha Balikowa

Walimkalisha kando ya sufuria namba tatu
wiki tisa, miwa imepanga foleni langoni,
trekta nyuma ya trekta hadi barabara ya Kamuli.
Kamera begani. Daftari mezani.
Na kijana kutoka Kampala, kompyuta mapajani,
akiuliza kila dakika: "Sasa unahisi nini?"

Balikowa si mtu wa maneno.
Alichota shira kwa kijiti cha shaba,
akaikamata kati ya kidole gumba na cha shahada,
akavuta taratibu. Uzi ukarefuka, ukakatika.
"Bado."
Kijana akaandika: bado. Nyuzi sitini na nane.
Tone likapakwa kiooni, kioo kikainuliwa penye taa:
chembe ndogo kama mchanga wa mto,
hazijakubaliana umbo.
"Bado."
Halafu, mimi nikiwa sijaona tofauti yoyote:
"Sasa. Fungeni mvuke."

Hivyo ndivyo kidole cha miaka thelathini na moja
kilivyohamishwa, punje kwa punje,
kikaingia katika sanduku la kijivu lisilotoa jasho.
Siku ya mwisho kiwanda kikampa cheti na redio.
Cheti alikikunja mara nne, kikaenea mfukoni.
Redio aliijaribu palepale. Haikuwa na betri.

Sasa zamu ya usiku ni yangu, Naigaga,
peke yangu ghorofani, nyuma ya vioo viwili,
mahali ambapo hata joto la sukari halifiki.
Zamani walikaa wanne hapa. Walitaniana, walitukanana,
walichemsha chai kwa mvuke wa bomba.
Leo vali zinafunguka bila kuguswa,
zinafungwa bila kuambiwa,
mistari mitano ya rangi inatembea kwenye skrini,
na kazi yangu ni kutofanya kazi,
kukesha kwa niaba ya kisicholala.
Nimeajiriwa niwe shaka.

Jumanne ile, saa tisa na robo usiku,
mstari wa kijani ulinyooka mno.
Hakuna kichemkacho kinachonyooka hivyo.
Nikasema: kihisi kimeshika ukoko, kinadanganya.
Nikabonyeza kitufe cha kuendesha kwa mkono,
nikashuka ngazi mbili mbili, nikachota,
nikavuta uzi kwa kidole changu kichanga.
Ulikatika mapema. Nikasema: bado.
Nikaongeza mvuke.

Kulipopambazuka sufuria ilikuwa jiwe tamu,
tani thelathini zimegandana,
na vijana wa zamu wakiliyeyusha kwa maji ya moto,
wakinitazama bila kunitazama.
Mashine ilikuwa sahihi. Mstari ulinyooka
kwa sababu usiku ule, kwa mara ya kwanza,
kila kitu kilikuwa sawa.

Nikampigia Balikowa. Nilisikia kuku nyuma yake,
na redio. Amenunua betri.
Alicheka hadi akakohoa.
"Wewe Naigaga, sufuria ngapi nimezigandisha mimi?
Mwaka ule wa ukame, tatu kwa wiki moja.
Tulizimwaga kabla meneja hajaamka.
Tofauti ni kwamba mimi
hakuna aliyenichorea mstari."

Kisha akauliza, sauti imeshuka,
kama anayemwulizia mtoto aliyepelekwa bweni:
"Na hilo sanduku, uzi ukifika penyewe,
linangoja kidogo kabla ya kusema sasa?
Mimi nilikuwa nangoja.
Sikumwambia yule kijana. Hakuuliza."

Nimerudi kitini. Ripoti iko mbele yangu,
penye neno "sababu" pako wazi.
Namba tatu inakaribia. Mstari umefika
mahali ambapo vitabu vinasema funga.
Mvuke bado unaingia.
Moja, nahesabu.
Mbili.