Atakulia Humo

Dukani kwa Odette, Thunder Bay, mwezi wa Januari,
vizimba vimepangwa kama masufuria,
kidogo ndani ya kikubwa, kikubwa ndani ya kikubwa zaidi,
na Raimo, mume wangu, amesimama mbele ya kile cha mwisho,
kile ambacho ndama angelala na jirani yake.
"Tuchukue hiki," anasema. "Atakulia humo."

Pulla yumo ndani ya koti langu, ana wiki tisa duniani,
amepewa jina la mkate wa iliki aliokuwa akioka mama mkwe wangu;
mweusi, mzito, anafuka joto kama kitu kilichoepuliwa sasa hivi.
Na miguu yake! Miguu ni ya mbwa mwingine,
mbwa ambaye bado hajafika.

Odette anatoa futikamba mfukoni.
Pua mpaka shina la mkia. Sakafu mpaka utosi, akiwa ameketi.
Ongeza shubiri.
"Asimame, ageuke, ajinyooshe. Basi.
Zaidi ya hapo unamjengea choo cha ndani."
Raimo anacheka. Raimo analipa. Raimo anabeba kile kikubwa,
na theluji inapita katikati ya waya njia nzima hadi nyumbani.

Usiku wa kwanza Pulla alilala kona ya kaskazini,
akakojoa kona ya kusini,
mwenye nyumba ya vyumba viwili na akili ya kuvitumia.
Usiku wa pili vilevile.
Usiku wa tatu Raimo alifua tandiko saa tisa, miguu peku,
akimnong'oneza mbwa maneno ya Kifini
ambayo mimi sikuambiwa hata siku ya harusi.

Nayajua mimi, haya mambo ya kukulia.
Nilivaa koti la kaka yangu Orest majira matatu ya baridi,
mikono yake ikining'inia kama ya mtu asiye na vidole,
viatu nimevijaza magazeti,
mama akisema vuta subira, mwili uko njiani.
Koti lilipwaya, likapwaya, kisha likabana.
Siku ya katikati, kama ilikuwapo,
basi ilikuwa Jumapili nami nilikuwa nimelala.

Nikarudi kwa Odette peke yangu, nikanunua kiambaza:
kipande cha waya chenye ndoano nne,
bei ya mikate miwili.
Nikakipachika shubiri tatu kutoka nyuma.
Pulla akaingia, akasimama, akageuka, akajinyoosha,
akashusha pumzi kama mzee aliyepishwa kiti benki.
Asubuhi, tandiko kavu.

Tukawa watu wa kusogeza.
Kila Ijumaa futikamba, kila Ijumaa ndoano.
Nyanda mbili, nyanda tatu;
Machi, shubiri nzima kwa wiki moja,
tukadhani futikamba ndiyo iliyonywea.
Raimo akiandika namba kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa stoo,
palepale zilipobaki alama za urefu wa Tarja, binti yetu,
zinazokomea miaka kumi na minne,
mwaka aliokataa kusimama ukutani.

Septemba tukaondoa kiambaza.
Mbwa wa kilo hamsini, kizimba kizima.
"Nilikwambia," Raimo akasema. "Amekulia humo."
Sikumjibu. Ni kweli, na si kweli.

Pulla akaingia,
akanusa pale ndoano zilipokuwa zimekwaruza rangi,
akajikunja nusu ya nyuma, mkia puani,
mgongo umeegemea hewa
pale palipokuwa na ukuta.

Kiambaza kiko gereji, kimetundikwa juu ya mabeleshi ya theluji.
Jana Tarja alipiga simu. Aliuliza kama chumba chake
bado kina kitanda,
na kitanda hicho kina upana gani.
Raimo hakuuliza kwa nini.
Yuko ngazini, futikamba mkononi.