Pini Nyeupe

Ofisi yetu iko Paisley, juu ya duka la mikate ya nyama,
na kuanzia Novemba mpaka Januari iishe
kila risiti inayopanda ngazi inanukia kitunguu.
Nililetwa kuandika programu.
Bwana Lockhart alitaka kila jalada lijulikane liliko:
limepokelewa, linamsubiri mteja, linakaguliwa,
limetiwa saini, limetumwa.
Vyumba vitano, milango minne, na saa pembeni mwa skrini
inayohesabu kurudi nyuma
hadi usiku wa manane wa tarehe thelathini na moja.

Kabla yangu palikuwa na ubao wa Effie Galbraith,
miaka ishirini na sita ya kadi na pini.
Nilikaa naye siku tatu nikimhoji kama karani wa sensa.
Nyekundu? Amekwama.
Njano? Anasema ataleta kesho.
Kijani? Kwisha kazi.
Na nyeupe?
Akatazama dirishani, mvua, basi la Renfrew likipita.
"Nyeupe unajua tu."

Unajua tu haiandikiki.
Mashine inataka kama, na kama sivyo.
Nikaandika rangi tatu, nikaenda zangu kulala.

Na ilifanya kazi, jamani, nisijitie unyenyekevu.
Desemba nzima hakuna aliyepiga kelele
"Nani kakalia faili la muuza samaki?"
Bwana Lockhart alikula chakula cha mchana akiwa ameketi.
Asiyeleta hati alikumbushwa na programu yenyewe,
kila siku ya tano, kwa adabu niliyoitunga mimi:
Mpendwa mteja, bado tunakusubiri.

Tam Purdie, fundi wa mapaa, mkazi wa Johnstone,
alikumbushwa mara kumi na moja.
Kabla ya ya kumi na mbili mkewe akapiga simu.
Hakugomba. Ningependa agombe.
Mumewe alianguka Oktoba, si kutoka paani,
jikoni, akimimina chai.
"Mnasema mnamsubiri," akasema. "Hata mimi."

Mimi nilifunzwa hodi kabla ya kufunzwa kufunga viatu:
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
pakiwa kimya geuza miguu, huenda ndani mna jambo.
Kodi na hodi zimepishana herufi moja,
na mimi, mwenye lugha, nikajenga kitu
kinachobisha mara kumi na moja
na hakioni haya.

Ubao niliukuta nyuma ya kabati, umeegemezwa ukutani.
Kadi ya Purdie ilikuwepo bado, ya msimu uliopita,
pini nyeupe kwenye kona.
Nyuma yake, kwa penseli ya Effie:
Mkono wake unatetemeka. Mpigie, usimwandikie.

Mistari saba ya msimbo, basi.
Ikifika ya tatu bila jibu, nyamaza,
geuza jalada jeupe,
lipeleke kwa mtu mwenye sauti.
Nilijaribu kwa jina la uongo, kisha kwa jina langu.

Kodi ya Tam, lakini, haikufa naye.
Mjane alileta kopo la biskuti, na ndani yake
vigae arobaini, misumari, ngazi ya kukodi siku mbili,
mpaka Machi, mwaka wa hesabu ulipofungwa,
mwandiko ukizidi kulala ubavu kila mwezi.
Nililikagua mwenyewe. Hakukosea hata senti.

Tarehe thelathini na moja, saa tatu usiku,
jalada la mtu mwingine likageuka jeupe.
Nikanyoosha mkono kuchukua simu. Effie akasema hapana.
Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akatia skafu
kama mtu anayekwenda nyumba ya watu,
kisha akaketi palepale mezani pake,
akapiga.