Herufi Mia Mbili

Duka langu Mtemani, Wete: mlango mmoja,
mashine ya fotokopi inayokohoa, kompyuta mbili,
moja nzima. Kibao nimekiandika mwenyewe:
PICHA ZA PASPOTI. LAMINESHENI. MIKOPO YA CHUO.
Mikopo si yangu. Mimi najaza fomu tu, elfu mbili,
na mwezi huu foleni inafika kwa muuza urojo.

Leo kaja Mize Shaame, wa Maziwang'ombe,
na mama yake, na bahasha ya khaki iliyokunjwa mara nne.
Kemia, A.
Kutoka skuli ambayo maabara yake ina kufuli,
ina mlinzi, haina chupa;
mkondo wa asubuhi ukitoka wa mchana unaingia,
dawati halipoi.
Mwalimu alichora bureti ubaoni kwa chaki, akasema:
sasa tone linaanguka, sasa rangi imegeuka.
Nao wakaandika: waridi.

Fomu ikauliza: Kazi ya mzazi.
Nikabonyeza, orodha ikashuka:
Mwajiriwa. Mfanyabiashara. Mkulima. Mvuvi. Hana kazi.
"Mama, wewe ni nani hapa?"
"Mie nalima mwani."
Nikaweka Mkulima. Ikauliza: ekari ngapi?
Akacheka, mkono mdomoni, vidole vimechanwa na kamba.
"Mwanangu, shamba langu maji yakijaa halipo.
N'na kamba mia na ishirini,
na arubaini mwaka huu zimeoza kwa joto."
Nikarudi nyuma, nikajaribu Mvuvi. Ikataka namba ya chombo.

Nikaweka Hana kazi.
Mize aliiona skrini. Kimya.
Mama husoma msahafu, si skrini;
nikashukuru, kisha nikaona haya kushukuru.

Barua ya sheha: mhuri umefifia, mashine haiuoni.
Baba: yuko Tanga mwaka wa tisa,
hakufa, hakupiga simu,
hakuna kisanduku chake.
Ada nikaigawa kwa bei ya kilo ya mwani mkavu.
Kikokotoo kikatoa jibu. Nikalifunika kwa kiganja.

Mdhamini?
Nikasema, weka jina langu.
Namba yangu ya usajili bado naijua kwa moyo.
Miaka miwili nimelala dakhalia, wa tatu
nikasimamishwa mlango wa mtihani, jina limepigwa mstari,
na kijana aliyeshika karatasi
akatazama viatu vyangu, si uso.
Skrini haikutazama popote:
Mdhamini hakubaliki. Ana mkopo haujalipwa.
Chuo kilinitoa. Deni halikunitoa.

"Aliyekataliwa ni mwanangu au wewe?"
"Mimi, mama."
"Pole," akasema, kama mtu aliyeungua mbele yake.

Tukampigia mwalimu wa bureti.
Akaja kwa baskeli, chaki kwenye mkono wa shati,
akatia saini amesimama; mkondo wa mchana ulikuwa unamngoja.

Mwisho kuna kisanduku: Maelezo ya ziada.
Herufi mia mbili, na nafasi zinahesabiwa.
Katika fomu zote nilizojaza, hiki tunakiruka.
Mize akavuta kiti, akaandika kwa vidole viwili:

*Mama ana kazi. Shamba lake hukaa chini ya maji nusu ya siku, na nusu iliyobaki yeye yumo ndani yake. Maabara yetu ilikuwa ni chaki. Nimefaulu. Msinipe sadaka; nipeni hesabu iliyo sawa. Sijachoka*

Zimebaki tano.
Akaacha nafasi moja, akaandika: *bado*

Nikabonyeza Tuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Mama akafungua fundo la kanga, akaweka elfu mbili mezani.
Nikazirudisha.
Akazirudisha.
"Nawe una kazi," akasema,
akamshika mwanawe mkono, wakatoka,
na aliyefuata akaingia na bahasha yake.