Herufi Ishirini na Mbili

Kibao kile ni kazi ya mkono wangu.
Sinza, nyuma ya duka la vigae la Bi Kokushubira,
bati la futi mbili kwa tatu, nyekundu juu ya nyeupe:
USIEGESHE. GARI LITAVUTWA.
Herufi ishirini na mbili, buku kwa herufi,
nukta mbili nikampa bure.

Nilimuuliza siku ile, brashi ikidondosha rangi:
"Tuongeze namba ya simu?
Litavutwa na nani, lipelekwe wapi, kwa shilingi ngapi?"
Akahesabu kwa vidole, akabenua mdomo.
"Fundi, usinijengee ghorofa la maneno.
Anayetaka kujua atauliza."
Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Nikasafisha brashi.

Miaka minne.
Jua la Dar halina adabu na rangi nyekundu.
Na mbele ya bati ukaota mpapai ambao hakuna aliyeupanda,
jani lake moja likafunika USI,
ikabaki EGESHE,
kama mwenyeji anayekaribisha kwa lafudhi ya ugenini.

Jumanne nikaja na kirikuu cha shemeji yangu Hiza
kupima ubao wa duka la dawa, jirani.
Dakika kumi na tano. Haya, ishirini na tano.
Siwezi kusema sikujua.
Natoka, nakuta magurudumu ya mbele yako hewani,
kirikuu kimening'inia kama mbuzi wa Vingunguti.

"Nimefika! Ufunguo huu hapa, nakiondoa mwenyewe."
"Kikishainuliwa kimeinuliwa."
"Sheria ya wapi hiyo?"
"Ya mnyororo."
"Nani kakutuma? Karatasi iko wapi?"
Akaelekeza kidevu kwenye mpapai.
"Ile pale. Hujui kusoma?"

Herufi zangu zikanitolea ushahidi.
Hata sikuweza kusema zimeandikwa vibaya.

Yadi iko Tabata, nyuma ya gereji isiyo na jina.
Dirisha la nondo, na Mwasiti ndani yake na kikokotoo:
kuvuta, elfu themanini;
kulaza, elfu kumi kwa usiku;
usumbufu, elfu tano.
Usumbufu wa nani, hakusema.
"Nipe basi ngazi yangu na brashi zangu."
"Vya ndani havitoki mpaka ulipe."
"Dada, pesa ya kulipa inatoka humo ndani."
Akageuza ukurasa.

Pembeni yangu mwalimu Nyamizi,
gari lake lilivutwa nje ya kliniki ya macho
akiwa bado ametiwa dawa, haoni vizuri.
Alikuwa anapapasa bampa kwa kiganja, polepole,
anatafuta mikwaruzo ambayo asubuhi haikuwepo,
na kila aliyoipata aliitaja kwa sauti ili wote tuisikie.
Kisha akaja dirishani akasimama.
"Sikatai kulipa. Nakataa kulipa gizani.
Niandikie risiti: jina, tarehe, kiasi, muhuri."
Mwasiti akachana karatasi ya daftari.
Mwalimu akairudisha kama insha mbovu.
Saa mbili alisimama pale.
Foleni ilimlaani, kisha ikaanza kumsogezea kiti.
Nasi tuliomfuata, sote tulipata muhuri.

Juzi Bi Kokushubira kanipigia:
"Fundi, kibao kimepauka, watu wananibishia."
Nikaenda na bati jipya, futi nne kwa sita.
Nikaandika eneo ni la nani. Saa ngapi mpaka saa ngapi.
Nani anavuta, yadi iko mtaa gani, bei, simu.
Chini kabisa, kwa bluu:
UKIFIKA KABLA HALIJATOKA GETINI, CHUKUA GARI LAKO.

Akaanza kuhesabu. Vidole vikamwishia.
"Mia na ngapi hizi? Nani atazilipa?"
"Nilishazilipa, mama. Tabata."

Alinyamaza, akasoma tena ule mstari wa bluu,
akaniambia niufute.
Nikamwambia rangi bado mbichi, itachafua bati zima,
tungoje ikauke.

Mpapai sikuukata, ulikuwa na matunda matatu.
Nilisogeza kibao.