Nukta ya Chaki

Miaka thelathini na moja ulilichora ziwa hili ubaoni
kwa mkono mmoja, bila kunyanyua chaki:
Bukoba hapa, Mwanza kule chini, Entebbe juu,
na huku kulia kabisa, kwenye pembe ya ghuba,
nukta.
“Kisumu,” uliwaambia watoto, “mwisho wa reli.”
Kengele ikalia, kiranja akashika dasta.

Leo, Mutalemwa, tumeamka ndani ya nukta.
Dirisha linatazama ua wa matairi
na jogoo wa mtu amesimama juu ya tairi la lori
kama amelinunua.
Miguu yangu bado imevimba kwa safari ya basi,
Bukoba, Mwanza, Sirari, muhuri, giza, muhuri tena,
nawe tayari umevaa koti la kustaafu
na kalamu mfukoni.

Chai mbili na mandazi: mia na ishirini.
“Mara ishirini,” ukanong'ona, “elfu mbili na mia nne!”
Nikakwambia kunywa, inapoa.
Ukanywa kama mtu anayekunywa elfu mbili na mia nne.

Pale Kibuye nikaona dagaa wetu
wamemwagwa juu ya gunia, wanang'aa vilevile.
“Omena,” mama muuzaji akanisahihisha.
Nikamwambia kwetu ni dagaa.
“Basi wakivuka maji wanabatizwa,”
akacheka mpaka kopo la kupimia likamponyoka,
akaniongeza konzi mbili za bure
ambazo sikujua nitazipika wapi.

Kisha stesheni. Ulitaka kuugusa huo mwisho.
Mlinzi, kijana mpole mwenye filimbi shingoni,
alikusikiliza mpaka ukamaliza somo,
akasema: “Lakini mzee, kuna tawi linaendelea hadi Butere.”
Ukatembea hatua mia bila neno.
Nilijua unawahesabu, darasa baada ya darasa,
wote uliowaambia mwisho.

Tena ukaanza kukimbilia mnara wa saa
na ramani mbele kama sinia la moto,
nami nyuma, viatu vya harusi ya mpwa wangu
vikinitafuna visigino.
Nikaita mara moja. Mara ya pili sikuita.
Nilikaa kwenye kizingiti cha duka la magodoro,
nikavua vyote viwili, nikatazama watu.
Acha aende, nilisema moyoni. Aione saa yake.

Sijui ulifika wapi ndipo ukageuka.
Nilikuona unarudi, ramani imekunjwa vibaya,
kwapani umebana ndara za matairi.
Muuzaji alikuwa nyuma yako: “Mia tatu, baba, sijapokea.”
Nikangoja uzidishe.
Hukuzidisha.
Ulipiga goti pale pale kwenye vumbi la Kisumu,
koti na kalamu na kila kitu,
ukanifunga kamba upande usiofaa.

Jioni tukala ngege, ambaye ni sato,
ila hapa ana jina lake na mboga yake chungu.
Magugumaji yalikuwa yamelala ufukweni kama shamba,
na nyuma yake jua lilianza kuzama ziwani.
Nilishtuka, nikakushika mkono wenye mafuta.
Kwetu ziwa ndilo hulizaa jua;
miaka yote hii sikuwahi kujiuliza
wanaoishi upande huu wanaona nini.

“Kokuhirwa,” ukasema, “nyumbani ni kule linakoelekea.”
Ukatoa kalamu, ukageuza risiti ya samaki,
ukalichora ziwa kwa mkono mmoja, bila kunyanyua.
Kisumu ukaiandika kwa herufi kubwa,
ukachora na reli, na tawi la Butere.
Halafu kushoto kabisa, ng'ambo,
penye nyumba yetu, migomba yetu, kuku niliomwachia jirani,
ukaweka nukta.

Niliikunja risiti haraka
kabla mhudumu hajaja na kitambaa chake.