Ijumaa Bila Foleni

Milango ya kioo inafunguka yenyewe
na anayeingia ni upepo wa Januari.
Saa tatu. Saa nne. Mashine yangu ya malipo
haijalia hata mara moja.
Nimepanga mifuko, nimeipangua,
nimefuta mkanda mweusi usio na tone la maziwa.

Zvonko, meneja, yuko kwenye simu na makao makuu,
anatembea kati ya sabuni na biskuti:
"Hapana, hatujafunga. Tumefungua.
Ndiyo, taa zinawaka."
Jasho linamtoka, na nje magari yameota barafu.

Mimi ndiye niliyebandika.
Kila Jumatatu kabla hakujapambazuka,
tak, tak, bei mpya juu ya bei ya juzi,
plasta juu ya plasta
na kidonda hakijaoshwa.
Senti nane hapa, kumi na mbili pale.
Haba na haba, kibaba chao kikajaa.
Sikuuliza. Mshahara wangu
haukuwahi kubandikwa kitu.

Aliyeanza ni Štefica, mkata tiketi mstaafu wa reli.
Alisimama penye siagi, akavua glavu,
akatia ukucha chini ya kibandiko, akabandua.
Chini yake kingine. Akabandua.
Kingine tena, mpaka akafika kwenye kuna,
pesa tuliyokwisha kuizika.
Akazisoma zote kwa sauti ya stesheni,
na foleni nzima ikageuka.
"Ng'ombe ni walewale," akasema.
"Sasa anayekamuliwa ni nani?"

Sijui nani aliichagua Ijumaa.
Nilisikia kwa kinyozi, kwa daktari wa meno,
kisha kwa mama yangu, aliyeninyooshea kijiko:
"Wewe nenda kazini. Sisi hatuji."

Saa saba akaingia kijana mmoja.
Akanunua mkate, akaulipia,
akauficha ndani ya koti
kama aliyeuiba.

Jioni nikavua aproni.
Lovro hali uji bila maziwa,
na mfanyakazi ana punguzo lake.
Nikaishika pakiti hadi vidole vikafa ganzi.
Nikairudisha, uso wake ukitazama mbele,
kama tulivyofundishwa.
Nyumbani mtoto alinuna, akala viazi.

Jumatatu ya tatu amri ikaja: teremsha.
Senti kumi na tano, kwa wino mwekundu.
Zvonko akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Štefica akaja mapema.
Bei hakuitazama.
Aliiweka siagi kiganjani, akaipima
kama apimavyo mtu mkono wa mgonjwa.
"Imekonda," akasema,
akairudisha, akaenda zake.

Nikageuza pakiti, nikasoma herufi zile ndogo.
Kisha nikatoa kalamu mfukoni mwa aproni,
na pembeni ya wino mwekundu
nikaandika uzito wa zamani.